Kutoka Chamwino hadi jukwaa la nje: karatasi, vidole na ngozi za ngoma

Onyesho la Julai huko Ulaya huanza kuandaliwa Dodoma mwezi Novemba. Ukianza Machi umeshachelewa. Wengi hawaamini, kwa sababu barua ya mwaliko ikishatua kwenye simu ya kiongozi wa kundi, kila mtu huona safari imeiva na mazoezi yanapamba moto. Kumbe kinachosubiriwa ni karatasi. Kundi zima huenda kwa mwendo wa yule mwenye karatasi chache kuliko wote, na kwenye makundi yetu ya Kigogo huyo huwa ni mzee wa zeze au mama wa ngoma ya muheme, yaani yule ambaye bila yeye hakuna onyesho.

Soko lipo. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alishautembeza muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya nje, na waandaaji wa matamasha wanaufahamu. Kinachokwamisha ni safari yenyewe.

Tuanze na pasipoti. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na kwa watu 12 hiyo ni 1,800,000 kabla hujanunua hata tiketi ya basi. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha mwombaji anakwenda mwenyewe Uhamiaji na kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa, ushahidi wa uraia wa mzazi na ushahidi wa safari. Mambo huharibikia kwenye cheti cha kuzaliwa. Watu wazima wengi wa vijijini hawana, kwa hiyo inabidi waombe usajili wa kuchelewa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya, wakiwa na cheti cha ubatizo, cha shule au barua ya kijiji. Na hapo majina ndipo yanapogongana. Kitambulisho cha taifa kinasema Elizabeth Chihwanga, cheti cha ubatizo kinasema Elizabeti Chiwanga, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ni watu watatu.

Dawa yake ni kuamua mapema jina lipi ndilo jina, kisha kulifuata. Lililo rahisi kulifuata ni lile la kitambulisho cha taifa, maana ndilo Uhamiaji wanaloliona kwenye mfumo. Tofauti ndogo ya herufi humalizwa kwa hati ya kiapo kwa wakili. Jina likiwa limebadilika kabisa, inatakiwa hati rasmi ya kubadili jina, nayo husajiliwa. Usimwache promota aandike majina kwenye barua kwa kuyasikia kwenye simu. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti, na kama pasipoti haijatoka, mtumie picha ya kitambulisho. Barua ikija na herufi moja pungufu, irudishe iandikwe upya siku hiyohiyo.

Kuna jambo la msimu ambalo waandaaji wa nje hawalijui na ni wajibu wetu kuwaambia. Mvua za Dodoma huanza Desemba hadi Aprili, na wakati huohuo ndio wa kukimbizana na makaratasi ya safari ya Julai. Watu wa Mvumi, Mpwayungu na Bahi wako shambani wanapalilia uwele na mtama, njia zina tope, na kumtoa mtu shambani mara tatu kwenda mjini ni kumkatia chakula cha mwaka. Vyeti na pasipoti vimalizwe kabla jembe halijashikwa. Kuanzia Januari zibaki karatasi ambazo kiongozi wa kundi anaweza kuzifuatilia peke yake.

Moja ya hizo ni kibali cha BASATA. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na msanii anayekwenda kutumbuiza nje anatakiwa awe amesajiliwa na apate kibali cha safari hiyo. Wengi hukiona kama usumbufu wa ziada. Kwangu kina faida moja kubwa: ubalozini, kibali hicho pamoja na cheti cha usajili cha kundi ndivyo vinavyoonyesha kwamba hawa ni wasanii kweli na si watu waliokusanywa jana. Ambatisha pia picha za maonyesho ya nyuma, bango lenye tarehe na kiungo cha video ambacho sura za waombaji zinaonekana.

Sasa viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwenye nchi nyingi za Ulaya. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, haijalishi umepewa au umenyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45, na msimu wa kiangazi wa kwao foleni ya miadi peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari ifike yuro 30,000, ikitaja nchi zote za Schengen. Kosa linalojirudia kwenye bima ni tarehe: watu hukata bima kuanzia siku ya onyesho la kwanza, wakati ndege inatua siku mbili kabla. Siku hizo mbili zisizo na bima zinatosha kurudisha faili.

Unaomba kwa nchi ipi? Ile mtakayokaa siku nyingi. Siku zikilingana, ile mtakayoingia kwanza. Hapa promota anaweza kuwachoma bila kujua. Mmeomba kwa Ubelgiji kwa sababu mna siku 6 huko na 4 Uholanzi, halafu anapiga simu kwa furaha kwamba amepata maonyesho mengine matatu Uholanzi. Hesabu imegeuka, na karatasi zote zinasema kitu kingine. Ratiba ifungwe kabla ya kuomba, na onyesho la kuongezwa liongezwe pale tu ambapo haliigeuzi nchi kuu.

Ratiba yenyewe iandikwe siku kwa siku bila kuacha pengo: tarehe, mji, ukumbi, mnalala wapi, mnasafiri kwa nini. Siku ya mapumziko nayo iandikwe kuwa ya mapumziko na hoteli yake. Afisa anayeona tarehe 14 kisha 17 hujiuliza tarehe 15 na 16 watu hawa watakuwa wapi, na akishaanza kujiuliza hatakupigia simu akuulize. Tiketi ya ndege iwe ya kushikilia nafasi, isilipwe mpaka viza itoke.

Kinachowasumbua zaidi watu wetu ni kuthibitisha kwamba watarudi. Mkulima hana hati ya mshahara, na akaunti ya benki ama hana au ina elfu thelathini. Usimwingizie mtu milioni mbili wiki moja kabla ili taarifa ya benki ipendeze. Fedha inayoingia ghafla ndiyo inayotiliwa shaka kuliko salio dogo. Mwalikaji aandike kwamba anabeba nauli, malazi, chakula na posho, na kama nchi yake ina fomu rasmi ya dhamana ya mgeni, aichukue kwenye ofisi za kwao na atume nakala halisi. Upande wetu, mtu aonyeshe maisha yake yalivyo: hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, barua ya serikali ya kijiji inayotaja familia na mifugo, taarifa ya pesa ya simu ya miezi 6, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Ng'ombe ishirini ni mali, lakini lazima mtu aziandike.

Kwenye mahojiano, msiwakaririshe wazee. Watu 12 wakijibu kwa maneno yaleyale, afisa anasikia wimbo. Kila mmoja ajue kwa lugha yake nani amemwalika, atafanya nini jukwaani, anarudi tarehe ngapi na nani anabaki nyumbani. Kama mzee anajieleza vizuri kwa Kigogo tu, uliza mapema kama mkalimani anaruhusiwa.

Halafu vidole. Kila mwombaji anafika mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole, hakuna kutumiana. Treni ya SGR iliyoanza Dodoma–Dar mwaka 2024 imerahisisha hili sana, ingawa miadi ikiwa ya asubuhi ni afadhali mshuke jana yake. Shida ni kwamba mashine haivisomi vizuri vidole vya mkulima, na vya mpiga marimba ni hivyohivyo, maana dole gumba lina sugu la kupigia vichuma. Wiki moja kabla, aache jembe, saruji na kubangua karanga, apake mafuta ya mgando kila usiku, na siku ya miadi anawe kwa sabuni avikaushe kabisa, kwa sababu mafuta yakibaki kidole huteleza kwenye kioo. Akina mama wasipake hina wala piko kwenye ncha za vidole mwezi huo. Kidole chenye jeraha au plasta kinaweza kukurudisha Dodoma. Alama zikishachukuliwa vizuri kwa Schengen hutumika hadi miezi 59, basi ni kazi ya mara moja.

Uingereza iko nje ya Schengen na ina viza yake. Njia tatu hutumika. Tangu 31 Januari 2024, viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kazi ya malipo ya muda mfupi kwa msanii aliyealikwa na taasisi ya huko, mradi mwaliko uwe umetajwa kwenye maombi na kazi ifanyike ndani ya siku 30 za kwanza. Pili, yapo matamasha yaliyo kwenye orodha ya serikali yao, ambayo mgeni anaweza kutumbuiza na kulipwa. Tatu ni viza ya msanii anayedhaminiwa na mtu au kampuni yenye leseni, na hapo pengo kati ya kazi moja na nyingine lisizidi siku 14. Muulize mwalikaji swali moja kwa maandishi: tunaingia kwa njia ipi? Akijibu kwamba viza ya utalii inatosha, mtafute mwingine wa kushughulika naye.

Balaa kubwa la ziara inayochanganya nchi ni pasipoti kuwa moja. Ikiwa ubalozini kwa Schengen, haiwezi kuwa kwenye maombi ya Uingereza. Zipange foleni: viza inayochelewa zaidi kwanza, kisha ya pili, na kati yao acha wiki za akiba. Na kama mnatoka Ubelgiji kwenda Uingereza kisha Ujerumani, ombeni viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, maana mkishatoka, ile ya kuingia mara moja imekwisha hata kama ina siku 20 mbele. Kumbukeni siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa kwenye zile siku 90 mnazoruhusiwa kukaa ndani ya siku 180, na tangu Oktoba 2025 Schengen wameanza kuzihesabu kwa mfumo wa picha na alama za vidole badala ya muhuri.

Marekani ni safari ya namna nyingine. Kundi la ngoma za asili kwa kawaida huombewa viza ya P-3, ya sanaa yenye utamaduni wa pekee, na anayeanza si nyinyi bali mwalikaji wa huko, anayewasilisha ombi kwa idara yao ya uhamiaji pamoja na maoni ya chama cha wafanyakazi wa sanaa. Likikubaliwa ndipo kila mtu anaomba viza ubalozini kwa dola 205. Majina huingia kwenye ombi la kwanza, kwa hiyo pasipoti ziwepo kabla. Vikwazo vilivyoanza 1 Januari 2026 vimewafungia Watanzania viza za B (biashara na utalii), F na M (wanafunzi) na J (mabadilishano). P haimo humo, lakini hali hii hubadilika kwa amri moja, basi msilipe kitu kisichorudishwa kabla ya kuangalia upya.

Afrika Mashariki watu huichukulia kama kwenda Singida. Kweli, Kenya, Uganda na Rwanda hamhitaji viza, na kwa Kenya hata kile kibali cha mtandaoni kinachotakiwa kwa wageni wengine hakiwahusu raia wa Jumuiya. Ila kuingia bure si ruhusa ya kutumbuiza kwa malipo. Promota wa Nairobi au Kampala anatakiwa awaombee pasi maalumu ya kazi ya muda mfupi kabla hamjafika, na Afrika Kusini, ambako nako Mtanzania haombi viza ya kutembea, mambo ni hayohayo. Bango la onyesho likiwa mtandaoni na nyinyi mmeandika "kutembelea ndugu" pale Namanga, afisa ana simu kama nyinyi.

Mkienda na basi lenu, bebeni kadi mbili za njano: ile ya chanjo ya homa ya manjano, inayoanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na kudumu maisha, na ile ya COMESA ambayo ni bima ya gari. Dereva anayeulizwa moja akatoa nyingine amechelewesha kundi saa nzima.

Tufike kwenye vyombo, maana hapa hata wazoefu hukwama. Andika orodha ya kila chombo na kila kifaa: jina, idadi, namba ya kifaa kama ipo, uzito, thamani kwa shilingi na dola, na picha. Igongeshe muhuri wa forodha wakati wa kutoka. Bila hiyo, kinanda chenu wenyewe kikirudi kinaweza kutozwa ushuru kama bidhaa mpya. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu vitu kuingia kwa muda, hadi miezi 12, bila ushuru, lakini afisa anaweza kutaka dhamana. Ule mfumo wa kimataifa wa kitabu cha ATA, ambao wanamuziki wa Ulaya hupita nao mipaka kirahisi, Tanzania haimo, basi promota asikwambie "leteni tu carnet".

Ngozi ndiyo inayoogopwa zaidi, na si kwa ubaguzi. Mwaka 2006 huko New York mcheza ngoma mmoja aliugua kimeta kutokana na ngozi mbichi zilizotoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 mtengeneza ngoma mmoja London alikufa kwa ugonjwa huohuo. Tangu hapo ngoma yenye ngozi ya mbuzi yenye manyoya ni kitu cha kutiliwa shaka. Ngoma za safari ziwambwe ngozi iliyonyolewa kabisa, iliyokauka, isiyo na harufu wala wadudu, na iambatane na cheti cha daktari wa mifugo wa serikali kinachotaja mnyama na wilaya. Mwalikaji aulize kwao mapema cheti kiandikweje. Ngozi ya kenge au chatu isitoke nyumbani: wote wako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa Tanzania sehemu yoyote ya mnyamapori bila kibali ni nyara ya serikali. Hilo linahusu pia manyoya ya mbuni kichwani, miiba ya nungunungu na usinga wa mkia wa nyumbu. Utakamatwa Dar kabla Ulaya hawajakuona. Usinga wa ng'ombe unatosha, na jukwaani hakuna anayejua tofauti. Kayamba yenye mbegu ndani iulizwe kwa mamlaka ya afya ya mimea. Kwa Australia na New Zealand mbegu ningeziacha kabisa, nikatia changarawe. Mpingo uko CITES tangu 2017, lakini ala ya muziki iliyokamilika imeondolewa kwenye masharti hayo tangu 2019, basi filimbi ya mpingo haina shida.

Marimba ya Kigogo ina vichuma vingi vilivyobanwa juu ya sanduku la mbao, na matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui ili mlio uvume. Kwenye mashine ya uwanja wa ndege ni sanduku lenye vyuma visivyoeleweka. Ibebe mkononi ikiwa chini ya kilo 7, mwenye nayo awe tayari kuipiga palepale, hilo humaliza maswali haraka. Utando ubanduliwe kabla ya safari, na uzibe kwa nailoni nyembamba ukifika. Mlio haufanani sana, lakini utasikika. Zeze, ngoa mkono, legeza nyuzi, kibuyu kijazwe nguo ndani na kifungwe nguo nje. Ngoma zilegezwe pia kama zinalegezeka: hewa ya ndege ni kavu, na ngozi iliyokazwa hupasuka. Na msitegemee moto wa kuzikaza nyuma ya jukwaa. Ukumbi wa ndani hautaruhusu hata kiberiti. Andikeni kwenye mahitaji ya jukwaa mashine mbili za kukaushia nywele.

Fedha ziandikwe kwenye mkataba kabla ya yote: nani analipa ada za viza, bima, safari za Dar, na nani anabeba hasara mmoja akinyimwa. Kwa watu 12, ada ya Schengen peke yake ni yuro 1,080. Malipo nayo hukatwa kodi papo hapo: Kenya asilimia 20, Uingereza kwa kawaida 20, Marekani 30, Ujerumani 15 na nyongeza yake ndogo kwa malipo yanayozidi yuro 250 kwa mtu kwa onyesho. Kwa hiyo mkataba useme kama kiasi ni kabla au baada ya kodi, na mdai cheti cha makato.

Kunyimwa hutokea. Barua ya Schengen hutaja sababu kwa fomu yenye visanduku. Kikitikiwa cha lengo la safari au cha nia ya kurudi, soma faili upya utafute karatasi iliyokosekana, kisha pima: rufaa inaweza kuchukua muda mrefu mpaka tarehe ya onyesho ipite, na kuomba upya bila kitu kipya ni kulipa yuro 90 nyingine bure. Ndiyo maana andaa watu wawili wa akiba wenye pasipoti, mmoja wa zeze na mmoja wa muheme, na majina yao yawe kwenye mwaliko tangu mwanzo.

Mkirudi, piga nakala za kila viza na kila muhuri, ziwekwe kwenye faili la kundi pamoja na mikataba na vyeti vya kodi. Pasipoti ikiisha usiitupe. Maombi yajayo yatauliza umewahi kwenda wapi, na ile ya zamani ndiyo ushahidi kwamba mlikwenda mkarudi.